Ng'amba wa kandambili: namna mtaa unavyoweza kushona sanamu ya kasa kwa taka za ufukweni

Kandambili, malapa, champali, ndara, slipa: jina hubadilika kila uendako, lakini kitu ni kilekile, na ukitembea ufukweni baada ya bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi kuandama, utakikuta kimelala kwenye mstari wa taka pamoja na vizibo na vipande vya nyavu. Soli nyingi za siku hizi ni za plastiki ya povu iitwayo EVA, ambayo asili yake ni mafuta na gesi. Povu hilo huelea na halinyonyi maji, wala halina mdudu wa kulila. Ndiyo maana bahari hulirudisha nchi kavu badala ya kulizamisha, na ndiyo maana pia linafaa sana kwa kazi ya mikono: hukatika kwa kisu cha jikoni, hupenyeka kwa msharasi (chuma cha kutobolea cha fundi viatu), na hustahimili mvua.

Pwani yetu imekwisha kuonyesha linavyoweza kutumika. Kiwayu, kaskazini ya Lamu, tangu miaka ya mwisho ya 1990 watu wamekuwa wakichonga wanyama wadogo kwa kandambili zilizookotwa. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake wakashusha majini pale Lamu dau la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9 hivi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kuvikwa ubavuni kandambili zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja.

Mwongozo huu ni wa kazi ndogo zaidi, ambayo mtaa, shule au kikundi cha wavuvi kinaweza kuimaliza kwa wiki saba: sanamu ya ng'amba yenye gamba la urefu wa sm 150 na upana wa sm 120, iliyoshonwa na makundi 13 na kuunganishwa mbele ya watu siku ya sherehe.

Kwa nini ng'amba

Kasa wa aina tano huonekana katika maji ya Afrika Mashariki, na yeyote kati yao angefaa kwa sanamu. Tunapendekeza ng'amba kwa sababu ya ufundi. Mgongo wake una magamba makubwa 13: matano katikati, na manne kila upande. Kwa kasa wengine wenye magamba ya aina hiyo, hukutana ukingo kwa ukingo, kwa hiyo kosa la nusu sentimita huonekana toka mbali. Ya ng'amba hupandana kama vigae vya paa, la mbele likilalia la nyuma. Kwa fundi asiye na uzoefu hiyo ni rehema: ukingo uliokatwa vibaya unafichwa na kigae kinachofuata. Tutayaita basi vigae. Na kwa kuwa ni 13, kazi inagawanyika yenyewe kwa makundi 13 ya watu watano au sita, kila kundi na kigae chake.

Mengine ya kumtambulisha ni haya: mdomo uliochongoka kama wa kasuku, vigamba vinne kati ya macho na pua (kasa wa kijani ana viwili), makucha mawili kwenye kila pezi, na ukingo wa nyuma wa gamba wenye meno kama msumeno. Msiyaache. Wavuvi watakuja kutazama, na mvuvi anamjua ng'amba.

Lini muanze

Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni, na watu wengi hulenga siku hiyo. Inawezekana, lakini mjue kwamba wiki saba kabla yake ni katikati ya masika. Mvua husomba taka kutoka mitoni na kwenye mitaro, kwa hiyo kuokota kunakuwa rahisi, ila kukausha kunakuwa shida. Bila banda lenye paa na pande wazi msithubutu. Wasio na banda walenge Jumamosi ya tatu ya Septemba, ambayo sehemu nyingi duniani hutumika kusafisha fukwe. Miezi ya Julai na Agosti ni mikavu zaidi, na upepo wa kusi hukausha vizuri.

Okoteni mara mbili, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama. Wakati wa bamvua maji hupanda juu kabisa na kuacha taka kwenye mstari mmoja unaoonekana wazi. Wakati wa maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, mtazunguka siku nzima na kupata chache. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, maji ya bamvua hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, kwa hiyo anzeni saa 1 na mmalize kabla jua halijawa kali.

Kabla ya kwenda, pateni ruhusa ya sheha au mwenyekiti wa mtaa (Kenya: chifu na mzee wa mtaa), na ya kikundi cha usimamizi wa ufukwe, BMU. Hii si adabu tu. Wao ndio wanaojua wapi kuna kiota cha kasa kilichowekewa alama, na wavu upi ni chakavu na upi umeanikwa tu. Wavu wa mtu ukichukuliwa kwa jina la mazingira, mradi umekufa siku hiyohiyo.

Mnachohitaji

- Kandambili 450, moja moja. Msitafute pea, bahari haileti pea. Zitakazofaa ni kama 320: 12 kwa kila kigae (jumla 156), 75 kwa mapezi manne, 50 kwa kichwa, 40 kwa ukingo.
- Nondo mbili za mm 8, kila moja mita 12.
- Waya wa kuku wenye upana wa sm 90, mita 4, na waya laini wa kufungia, kilo 1.
- Nyavu chakavu za nailoni zenye macho madogo, za kutosha kukunjwa mara nne chini ya kila kigae.
- Uzi wa kusokotwa wa kushonea nyavu, mabunda mawili au matatu. Msitumie mshipi wa kuvulia: huteleza fundoni, na ukivutwa hukata povu kama kisu kinavyokata sabuni.
- Misharasi na shazia (sindano kubwa za kushonea), angalau mbili mbili kwa kila kundi.
- Visu vyembamba virefu, kinoo, mbao za kukatia.
- Gundi ya fundi viatu, kopo la nusu lita. Ni ya kichwa peke yake.
- Turubai mbili kubwa, mapipa mawili ya lita 200, mabeseni, brashi ngumu, mizani ya kuning'iniza, glavu, na karatasi za manila au magazeti ya zamani.

Kwenye orodha hakuna rangi wala vanishi. Rangi haikai juu ya povu linalopindapinda. Hubanduka baada ya miezi michache na kuanguka kama chenga za plastiki palepale mlipotaka kusafisha. Rangi za kandambili zenyewe zinatosha.

Msikate mikoko kwa ajili ya kiunzi. Fito na boriti zake ni nzuri, kila mtu wa pwani anajua, lakini sanamu ya mazingira iliyosimama juu ya mikoko iliyokatwa itasutwa, na itasutwa kwa haki.

Kuokota, kuosha, kuchambua

Kila kundi liwe na magunia matatu: moja la kandambili, moja la nyavu na kamba, moja la taka nyingine zote, maana hamwezi kuokota kandambili mkaacha chupa. Mtu mmoja kwa kila kundi ahesabu na kuandika, kwa sababu hesabu hiyo itahitajika siku ya sherehe. Sindano za hospitali na chupa zilizovunjika haziokotwi na watoto. Mtu mzima mwenye glavu nene azitie kwenye dumu gumu lenye kifuniko. Mwani na majani ya bahari yaacheni palepale. Hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na wadudu wanaolisha ndege huishi humo. Msichimbe mchanga juu ya mstari wa maji, huko ndiko kasa anakotaga.

Kung'uteni mchanga na kwangueni vichaza palepale ufukweni. Punje moja ya mchanga iliyobaki ndani ya povu huua makali ya kisu, na hilo ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya "kisu hakikati". Nyumbani, lowekeni kwenye mapipa usiku kucha kwa maji baridi na sabuni kidogo, sugueni kwa brashi, kisha suuzeni mara mbili kwa maji yasiyo na chumvi. Msiruke suuza ya pili. Chumvi huvuta unyevu hewani, unyevu unazuia gundi kushika na unakula waya. Maji machafu yachujwe kwa kitambaa na kumwagwa kwenye shimo nchi kavu, yasirudi baharini.

Anikeni kivulini penye upepo, siku mbili, au nne wakati wa masika. Jua kali hukunja soli ikawa kama ganda la mti, na iliyokunjwa hainyooki tena.

Kisha toeni mikanda. Kateni kile kifungo cha chini ya soli kwa ncha ya kisu, halafu vuteni ukanda kutokea juu. Mikanda mingi ni ya plastiki nyingine, ngumu na nzito zaidi. Ikusanyeni kando, itatumika kwenye ukingo. Pindeni kila soli mara moja. Ikipasuka au ikitoa unga, imezeeka kwa jua na haitashika mshono, lakini inafaa kujazia ndani ya mapezi.

Ya mwisho ni kuchambua rangi, kazi ambayo watoto wanaifanya vizuri kuliko wakubwa. Msidanganywe na uso wa soli uliopauka. Kateni ukingo kidogo muone ndani, mara nyingi rangi bado ni kali. Soli zenye matabaka mawili au matatu ya rangi tofauti wekeni kando kwa heshima, ndizo dhahabu ya kazi hii, na sababu itaonekana punde.

Kiunzi

Fundi wa kuchomelea akiwepo, kazi hii ni ya nusu siku. Asipokuwepo, fungeni kila maungio kwa waya mara mbili, msalaba kwa msalaba, na kukaza kwa plaizi.

Nondo ya kwanza ikatwe hivi: mita 4.4 kwa duara la ukingo (sm 10 ni za kupandanisha ncha), mita 1.75 kwa uti wa mgongo, mita 1.5 kwa upinde wa katikati, mita 1.2 mara mbili kwa upinde wa mbele na wa nyuma, na mita 1.2 kwa shingo. Nondo ya pili: mita 2.1 mara mbili kwa mapezi ya mbele, 1.2 mara mbili kwa mapezi ya nyuma, 0.8 mara nne kwa miguu, na 1.2 nyingine kwa shingo. Vipande vidogo vitakavyobaki vitatumika kukazia maungio.

Pindeni duara liwe na umbo la moyo mrefu, pana mbele ya katikati na jembamba nyuma. Upinde wa katikati uinuke sm 35 juu ya duara. Ukiinuliwa zaidi ya hapo mnapata kobe wa nchi kavu; ukipungua, sanamu inaonekana kama sinia. Kisha vikeni waya wa kuku, mkikunja ncha zote kwa ndani, maana mikono ya watu wengi itapita hapo.

Kuchomelea kote kuishe kabla kipande kimoja cha povu hakijafika karibu. Povu hushika moto haraka na moshi wake ni mbaya. Mkigundua maungio yamelegea baadaye, tumieni waya.

Vigezo vya kukatia vigae: hapa ndipo wengi hukosea

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchora vigae chini sakafuni. Sakafu ni bapa, mgongo ni kuba. Upana wa sm 120 ukipita juu ya kuba unakuwa sm 147, kwa hiyo vigae vilivyochorwa sakafuni vitapungua karibu moja ya tano, na siku ya kuunganisha pataonekana mianya ya waya kila mahali.

Lazeni manila juu ya kiunzi chenyewe, zibandikeni kwa karatasi ya gundi, na chora mistari juu yake. Anzeni na vigae vitano vya katikati, kisha vinne kila upande, mkihakikisha maungio ya pembeni yanaangukia katikati ya vigae vya kati na si kwenye mipaka yake. Kabla ya kukata, andikeni kwenye kila kigezo namba yake na mshale unaoelekea kichwani. Mshale ukisahaulika, kigae cha kushoto kitashonwa kama cha kulia. Hutokea, na hakirekebishiki.

Mnapokata, ongezeni sm 5 kwenye ukingo wa mbele wa kila kigae, na sm 5 kwenye ukingo wa ndani wa vigae vya pembeni. Hiyo ndiyo sehemu itakayoingia chini ya jirani yake.

Kushona kigae

Ziko njia mbili. Ya haraka ni kushonea soli bapa juu ya wavu. Inakubalika kwenye mapezi, lakini mgongoni huleta rangi zilizokufa na mabaka makubwa. Ya pili inachukua muda mara mbili na uzuri wake ni mara kumi: soli hukatwa ukanda kwa ukanda, kisha kanda zikalazwa kwa ubavu, zikibanana. Kinachoonekana juu ni ule ukingo uliokatwa, wenye rangi ya ndani ambayo jua halijaigusa; na ikiwa soli ni ya matabaka, kila ukanda unakuwa na michirizi yake. Gamba halisi la ng'amba lina michirizi hiyohiyo, ya manjano na kahawia na nyeusi, inayotawanyika kama miale. Kwa karne nyingi watu walimuua kwa ajili yake, wakatengeneza vitana na vidani.

Kata kanda za upana wa sm 2. Kisu kiloweshwe kwenye maji ya sabuni kila baada ya mikato mitatu au minne, na uvute kwa mvuto mmoja mrefu. Ukikereza kama msumeno, ukingo unakuwa na manyoya na chenga hujaa kila mahali. Noa kila nusu saa. Visu vishikwe na watu wazima, watoto watunge kanda kwenye uzi.

Toboa kila ukanda mahali patatu, katikati na sm 3 toka kila ncha, ukipitisha msharasi toka uso mmoja wa soli hadi wa pili. Kisha tunga kanda kwenye nyuzi tatu kama unavyotunga shanga, ubavu kwa ubavu, zifuate umbo la kigezo. Kigae cha urefu wa sm 40 huchukua kama kanda 27 kwa mstari. Kaza uzi mpaka kanda zigusane, basi. Ukivuta mpaka povu linakunjamana, kigae kitapinda kama bakuli na hakitalala juu ya kuba. Tundu likiwa karibu na ukingo kuliko sm 1, litachanika.

Panga giza kwanza, mwanga baadaye: nyeusi, kahawia, buluu iliyokolea ziwe uwanja, manjano, chungwa, nyekundu ziwe miale inayoanzia ukingo wa nyuma wa kigae kuelekea mbele. Kanuni hiyo moja ikifuatwa na makundi yote 13, mgongo utaonekana wa mnyama mmoja hata kama kundi moja lilipata buluu nyingi na jingine waridi. Zaidi ya hapo liacheni kila kundi liamue.

Mwisho, laza kigae juu ya wavu uliokunjwa mara nne, ushone kuzunguka ukingo kwa shazia, mshono kila sm 3, na acha nyuzi nane za sm 30 zikining'inia nyuma. Hizo ndizo za kufungia kwenye kiunzi.

Kigae kimoja kwa watu sita ni kazi ya jioni tatu. Msikimbilie gundi ili kuokoa muda. Gundi ya fundi viatu hulegea kwenye joto la adhuhuri, mvuke wake huumiza kichwa na haufai kabisa kwa watoto, na kilichogundishwa hakitenganishwi tena. Kilichoshonwa hufumuliwa.

Kichwa

Mpeni fundi viatu wa mtaani, na mumlipe. Kichwa ni bonge la urefu wa sm 30, upana sm 18, kimo sm 16, yaani matabaka kama 11 ya soli zilizopangwa kama matofali, viungo visipandane. Paka gundi nyuso zote mbili, mahali penye hewa na pasipo sigara wala jiko; subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo ya mpira. Kubandika gundi ikiwa mbichi ndiyo sababu kubwa ya matabaka kuachia. Liache saa 24 chini ya tofali, kisha uchonge kwa kisu. Msitumie msasa: unga wake ni plastiki laini ambayo hakuna ufagio utakaoimaliza. Nondo mbili za shingo zipenye bonge zima na kufungwa kwa waya upande wa pili, ili gundi isibebe uzito peke yake.

Siku ya sherehe

Kiunzi kiletwe uwanjani kikiwa na kichwa, mapezi na ukingo, lakini mgongo uwe mtupu. Vigae vifungwe mbele ya watu. Hii ndiyo sehemu inayoifanya kazi iwe ya mtaa mzima: kila kundi linaingia na kigae chake, na watu waliodhani ni matambara ya rangi wanamwona ng'amba akikamilika.

Mpangilio ni kama wa kuezeka makuti, kutoka chini kwenda juu: anzeni mkiani, mje kichwani, na kila safu vigae vya pembeni vitangulie, cha katikati kivilalie. Mtu mmoja akae chini ya kiunzi kupokea nyuzi na kuzifunga. Kwa dakika nne kila kigae, shughuli nzima ni saa moja kasoro, nayo ijazwe kwa ngoma na maneno. Kila kundi liseme jambo moja tu, la kweli na fupi. Mfano: tumeokota kandambili ngapi hapa kwetu. Au kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua kama yai la kasa litatoa dume au jike, na mchanga ukizidi joto wanazaliwa majike watupu. Au kwamba bahari ikipanda, bamvua hufunika viota ambavyo zamani vilikuwa salama. Mkitaka ushairi, watoto watunge wenyewe, mizani 16 kwa mshororo, kwa mfano:

Kasa alikuja pwani, mayai yake kutaga,
Kakuta taka njiani, malapa tuliyomwaga,
Akarudi baharini, ufukwe akauaga,
Leo tupo uwanjani, gamba lake twaliiga.

Hilo la kurudi baharini si la kubuni. Kasa jike akigonga kizuizi anapopanda ufukweni, mara nyingi hugeuka bila kutaga.

Hotuba za wakubwa ziwe kabla ya kigae cha kwanza au baada ya cha mwisho, kamwe si katikati.

Kuitunza, na kuifumua

Sanamu kamili ina uzito wa kama kilo 35, watu wanne wanaibeba. Ikisimama ufukweni, miguu izame sm 30 mchangani na kila mmoja ufungwe kwenye kiroba cha mchanga kilichofukiwa. Bora zaidi ni chini ya paa la makuti, kwenye diko, shule au soko la samaki, kwa sababu jua ndilo adui wa povu na uzi. Juani huanza kupauka na kulegea ndani ya mwaka. Kivulini hudumu zaidi. Kila baada ya miezi mitatu suuzeni kwa maji baridi na kagueni nyuzi. Uzi ukianza kutoa nyuzinyuzi, badilisheni kabla kipande hakijadondoka na kurudi majini.

Mabaki ya kukatia yote yaangukie kwenye turubai, na turubai ikunjwe kila jioni. Pimeni kwa mizani kilo zilizoingia, kilo zilizo kwenye sanamu, na kilo za mabaki. Chenga laini jazeni mito na viti vya darasani, mkitumia kitambaa chenye ufumaji wa karibu. Msichome chochote, hata ukanda mmoja: mikanda ya plastiki ngumu ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Mwaka unaofuata kata zile nyuzi nane za kila kigae, ng'oa mgongo, na kiunzi kipate vigae vipya kutoka bamvua mpya. Vigezo 13 vya manila vitunzwe vikiwa bapa, vyenye namba na mishale, mahali pakavu pasipofikiwa na panya. Hesabu ya mwaka uliopita iandikwe nyuma ya kigezo cha kila kundi, ili kundi lile lile lijue lilikuta kandambili ngapi, kwenye kipande kile kile cha ufukwe.